Mfuko wa sufu wa Waarhuaco nilioununua Mwanjelwa

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia mfuko wa sufu nilioukuta kwenye rundo la mitumba Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikaununua kwa shilingi 15,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji, ambaye aliuita "pochi ya baridi". Lebo ndogo iliyoshonwa ndani ilieleza kuwa ni kazi ya Waarhuaco, wenyeji wa asili wa Kolombia, Amerika ya Kusini, nami nikaona nisome habari zao kabla ya kuusifu au kuukosoa.

Kazi yenyewe haina dosari. Mwili wa mfuko hauna mshono hata mmoja, kwa kuwa mfumaji alianzia katikati ya kitako, akazungusha uzi kwa sindano, duara juu ya duara hadi ukingoni, kama akina mama wa Iringa wanavyoanza kikapu cha milulu. Rangi za kahawia, nyeusi na nyeupe ni za manyoya ya kondoo mwenyewe, hivyo hazichuji. Kwa Waarhuaco mfuko ni mfano wa tumbo la uzazi la Mama aliyezaa ulimwengu, na wanaoufuma ni wanawake. Wanaume hufuma kitambaa cha nguo. Mwanamume hutilia mfukoni majani ya koka, na akikutana na mwenzake, kila mmoja humpa mwenziwe ukufi wa majani hayo badala ya kushikana mikono.

Makao yao ni Sierra Nevada de Santa Marta, milima yenye vilele vya theluji vya takriban mita 5,700, karibu kabisa na Bahari ya Karibi. Wao na majirani zao Wakogi, Wawiwa na Wakankuamo huiita milima hiyo moyo wa dunia, na hujihesabu kaka wakubwa. Sisi wengine ni wadogo zao wanaoharibu (na kwa jinsi tunavyokata miti milimani kwetu, sina pa kubishia). Makuhani wao, mamo, hutoa sadaka ili kuilipa ardhi kwa kile ilichochukuliwa. Imani hiyo waliipigania: mwaka 1982 waliwaondoa wamisionari Wakapuchini, watawa wa Kanisa Katoliki, katika Nabusimake, kijiji chao kikuu.

Kasoro ni za matumizi. Mfuko hauna zipu wala bitana, kwa hiyo mvua ya Machi iliilowesha simu yangu, na sufu ikilowa hunuka zizi. Ufuliwe kwa maji baridi na kulazwa juu ya mkeka. Mimi niliutundika kwenye kamba mara moja tu, mkanda ukarefuka, na sasa nikitembea unanigonga gotini.