Kununua pasi: ile nzito ya zamani bado inaongoza

Nguo hunyooshwa na vitu vitatu: joto, unyevu na uzito. Pima kila pasi kwa vitu hivyo vitatu kabla ya kuhesabu vitufe. Mengi yaliyoongezwa kwenye matoleo mapya hayagusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Nafasi ya kwanza tunaipa pasi kavu (isiyotoa mvuke) nzito yenye kisahani cha kuzungusha cha kupangia joto. Tafuta ya wati 1,000 hivi, kilo 1.5 au zaidi. Uso wake mnene hutunza joto, haupoi upesi ukigusa kitambaa chenye unyevu, na uzito unafanya kazi ambayo pasi nyepesi humwachia bega lako. Unyevu utatoka kwenye chupa ya kunyunyizia: nyunyiza, viringisha nguo dakika tano, kisha piga. Kinachokufa kwanza ni waya, pale unapojikunja karibu na mpini. Kwa hiyo geuza pasi utazame kifuniko cha nyuma. Kikiwa na skrubu, fundi atabadili waya bila shida. Kilichobanwa kwa meno ya plastiki huvunjika kikifunguliwa.

Ya pili ni pasi ya mvuke ya kawaida, nzuri kwa pamba nzito na mapazia. Usidanganywe na wati 2,400. Sehemu kubwa ya umeme huo inachemsha maji. Joto la uso linazuiwa na themostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichopanga, na kwenye alama ya nukta tatu ya kisahani ni kama nyuzi 200, sawa na pasi kavu. Ukiiweka nukta moja maji hayageuki mvuke, yanadondoka kwenye nguo. Adui wake mkubwa ni ukoko wa chokaa unaoachwa na maji magumu: matundu huziba, kisha uchafu wa kahawia unatemwa juu ya shati jeupe. Mwaga maji yaliyobaki kila unapomaliza, chombo kikiwa bado na joto.

Pasi ya kioo cha tarakimu tunaiweka ya tatu, ingawa ina jambo moja la maana kweli: nyingi hujizima zikiachwa zimelala kwa sekunde 30 hivi, au zimesimama kwa dakika 8. Penye watoto au msahaulifu, ipandishe. Lakini saketi yake inakaa jirani na joto na mvuke, na ikifa mara nyingi pasi nzima inatupwa.

Ya mwisho ni isiyo na waya. Joto hulipata ikiwa kwenye kikalio chake tu, hivyo inaanza kupoa unapoinyanyua. Suruali moja ndefu itakurudisha kikalioni mara kadhaa.

Kwa aina yoyote, uso wa chuma kisichoshika kutu unavumilia zipu kuliko ule uliopakwa dawa ya kutonata. Weka rula juu yake uone kama umenyooka, kisha zungusha kisahani polepole kutoka sifuri: themostati nzima hutoa mlio mdogo wa “tik”.