Gofu Nairobi kwa mfuko wa kawaida: viwanja ninavyovitanguliza, na kwa nini

Muulize mtu yeyote wa Nairobi wapi unaweza kucheza gofu, atakutajia Muthaiga, Karen na Royal, kisha anyamaze. Ukisikia ada zake unarudisha fimbo stoo. Miaka yangu ya mwanzo ilipita hivyo, nikidhani mchezo huu si wa mtu anayelipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Sivyo. Viwanja vya bei ya kuvumilika vipo, ila havijitangazi, na bei yake haisomeki mara moja.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "uwanja wa umma". Jijini Edinburgh, huko Uskoti, kuna Bruntsfield Links, kiwanja cha mashimo mafupi ambako mtu yeyote huingia akacheza bure. Sisi hatuna cha namna hiyo. Hapa kwetu karibu kila uwanja ni wa klabu ya wanachama au wa hoteli. Lakini klabu nyingi humpokea mgeni: unapiga simu, unapewa saa ya kuanza, unalipa ada ya uwanja, unapangiwa kedi, yaani mtu wa kukubebea fimbo, unacheza. Hiyo ndiyo bidhaa tunayoinunua, na bei yake hutegemea wewe ni nani. Mgeni aliyeletwa na mwanachama hulipa kidogo kuliko aliyejileta mwenyewe. Jumatano si Jumamosi. Asubuhi si saa kumi jioni. Mashimo tisa si kumi na nane.

Bei unayotajiwa kwenye simu ni ya uwanja peke yake. Bado kedi na bahashishi yake, mipira utakayopoteza, nauli au mafuta, na soda baada ya raundi. Chukua mfano wa hesabu tu: uwanja mmoja unadai 2,500, mwingine 4,000. Ule wa kwanza uko mbali, ukachoma mafuta ya 1,000, ukapoteza mipira mitano kwa sababu kandokando hapajafyekwa. Nafuu yote imekwisha, na umecheza kwenye grini mbovu, yaani ile nyasi fupi inayozunguka shimo. Mimi huandika gharama ya siku nzima kwenye daftari, kuanzia mlangoni kwangu hadi nirudi.

Kuhusu ubora, mimi huangalia grini kabla ya kitu kingine chochote. Uwanja wa paa 72, yaani ambao mchezaji mzuri hutarajiwa kuumaliza kwa mipigo 72, umetenga mipigo 36, yaani nusu nzima, kwa ajili ya kusukuma mpira kwenye grini, miwili kwa kila shimo. Klabu inaweza kuwa na baa iliyochakaa na vyoo vya zamani, lakini kama grini zake ni laini na mpira unakwenda pale ulipoutuma, umepata thamani ya pesa yako. Kwa hiyo unapopiga simu uliza swali moja ambalo wageni wengi hawaulizi: "Grini zimetobolewa lini?" Kila uwanja unaotunzwa hutoboa grini zake mara kwa mara na kuzimwagia mchanga ili mizizi ipate hewa. Kwa wiki moja au mbili baada ya hapo mpira huruka-ruka kama uko kwenye barabara ya murram. Klabu njema itakwambia ukweli, na ukibahatika itakupunguzia ada.

Sasa viwanja vyenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ninaanza na Golf Park, ndani ya Ngong Racecourse. Kwa mtu asiye na uanachama popote, asiye na hendikapu (namba inayoonyesha kiwango chake cha uchezaji), na ambaye bado anajifunza, sijui mahali pazuri zaidi jijini. Uko kando ya barabara ya Ngong, matatu zinakushusha karibu, na ni mahali ambapo mtu wa kawaida analipa na kucheza bila kuulizwa anamjua nani. Kuna renji ya mazoezi pia, na hilo lina uzito mkubwa kwenye hesabu: ndoo ya mipira na fimbo namba 7 kwa saa moja itakufundisha zaidi ya raundi nzima ya kutafuta mipira vichakani. Usitarajie uzuri wa bustani. Njia za mchezo zimepita ndani ya uwanja wa mbio za farasi, mandhari ni ya wazi, jua halina pa kujificha. Kabla ya kwenda Jumapili, uliza kama kuna mbio siku hiyo.

Cha pili ni Machakos, na najua wengi watapinga kwa sababu ya umbali, kilomita sitini na kitu kutoka katikati ya jiji. Mimi nasema nenda. Ni uwanja wa mashimo tisa, na uwanja wa mashimo tisa ni rafiki wa mfuko: unazunguka mara moja, ukiwa na nguvu na pesa unazunguka tena. Siku ya kazi hakuna kundi linalokusukuma kutoka nyuma. Mkiwa wanne ndani ya gari moja, mkagawana mafuta, safari haiumi. Ndumberi, kule Kiambu, nao ni wa mashimo tisa na uko karibu zaidi kwa wakaazi wa upande huo wa jiji. Nimeuweka chini ya Machakos kwa kuwa napenda vilima vya Ukambani asubuhi. Anayeishi Kirigiti ana haki ya kubadilisha mpangilio huu.

Cha tatu ni Ruiru, na hapa nitakaa kidogo.

Ruiru ni mashimo kumi na nane, katika eneo la kahawa, na nyasi yake ilinifundisha adabu. Nyasi ya Kikuyu ni ya kwetu hasa. Imepewa jina la watu wa nyanda hizi, na leo utaikuta Australia, Afrika Kusini, hata kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles. Ina mashina manene yanayotambaa na kusukana. Ikikatwa fupi, mpira unakaa juu yake vizuri mno, kama umewekewa kile kijiti cha kuanzia shimo. Ikiachwa irefuke, mpira unazama kama yai ndani ya unga. Anayeanza hujaribu kuutoa kwa fimbo ndefu, nyasi ikaikamata shingo ya fimbo na mpira ukaishia hatua kumi mbele. Chukua fimbo fupi, shika kwa nguvu kidogo, piga kwa kushuka, rudi kwenye njia ya mchezo. Umepoteza pigo moja badala ya manne.

Asubuhi moja nilikuwa hapo nikisoma mstari wa mpira kwenda shimoni, kama hatua nne hivi. Niliona mpira utakata kushoto. Kedi wangu, mzee mwenye kofia ya sufu, alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya grini bila kuigusa, akasema, "Mkubwa, wewe unaangalia mteremko. Angalia nyasi imelala wapi." Nikatazama tena: upande mmoja nyasi ilimeta, upande mwingine ilikuwa kijani kizito. "Panapometa imelala kwenda mbele. Hapa kwetu ni nzito, inakujia. Ongeza nguvu, piga moja kwa moja." Nilipiga moja kwa moja, ukaingia. Tangu siku hiyo sihesabu malipo ya kedi kama gharama ya kupunguzwa. Klabu nyingi zina kiwango kilichoandikwa. Kiulize mapema, na mtu akikusaidia hivyo mwongeze.

Kiambu na Thika Sports ni za daraja hilo hilo, na anayeishi njia hizo hana sababu ya kuvuka jiji. Railway, karibu na Upper Hill, huipendekeza kwa mfanyakazi wa mjini: unatoka ofisini saa kumi, unacheza mashimo machache kabla ya giza. Foleni ya magari utakayoikwepa nayo ni pesa.

Vetlab kule Kabete, Sigona na Limuru ni viwanja vizuri zaidi ya vyote nilivyotaja, na ni vya siku maalumu. Mimi huenda kimoja kila baada ya miezi miwili, siku ya kazi, nikiwa mgeni wa mwanachama. Limuru usiende Julai bila sweta, na usianze mapema mno. Ukungu ukishuka hutaona mpira wako ulikoangukia. Muthaiga, ambako mashindano ya Kenya Open yamechezwa mara nyingi, pamoja na Karen, Windsor na Royal, klabu kongwe ya mwaka 1906, sizipangi humu kwa sababu hazimo kwenye bajeti ninayoizungumzia. Subiri mashindano ya kampuni au mwaliko.

Ukishaona mchezo umekukaa, nunua uanachama kwenye klabu ndogo. Hapo ndipo unapata hendikapu rasmi, ambayo klabu nyingine humdai mgeni, na klabu nyingi zina mapatano ya kupokea wanachama wa wenzao kwa ada ya chini. Uliza pia kuhusu uanachama wa watu wanaoishi mbali. Mara nyingi ni nafuu.

Tahadhari moja imenigharimu mwenyewe. Kuna klabu nilipiga simu nikatajiwa ada ya siku ya kazi, nikawabeba wenzangu wawili hadi huko. Kaunta wakasema kesho yake ni mashindano, kwa hiyo leo inahesabiwa kama wikendi. Tulilipa kwa sababu tulikuwa tumeshafika. Siku hizi natuma ujumbe, naandika tarehe, idadi ya mashimo na kwamba si mwanachama, nasubiri bei ije kwa maandishi. Na vaa shati lenye kola. Wenye jinzi hurudishwa getini.

Kwa atakayeshuka pwani: Mombasa Golf Club, mashimo tisa juu ya mwamba wa bahari, jirani na Mama Ngina. Nyanda za juu hewa nyepesi hukuongezea hatua kadhaa kwa kila pigo. Pale chini zinapotea, na kusi ikivuma zinapotea mara mbili. Lipia mashimo tisa tu, kunywa dafu hapo nje, kisha uamue kama unazunguka tena.