Asili ya Waswahili: kuchimba udongo au kupima DNA?

Ukitaka kujua mji wa pwani ulianzaje, jembe la wanaakiolojia bado lina nguvu. Huko Shanga, kisiwa cha Pate nchini Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine imelaliana, mmoja juu ya mwenzake. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Vyungu vilivyopatikana vingi ni vya ufinyanzi wa kienyeji. Yaani mji ulikua hapohapo, haukuletwa na jahazi.

Lakini kigae hakisemi aliyekipikia aliolewa na nani. Hapo ndipo DNA inapoushinda udongo. Utafiti uliotoka mwaka 2023 katika jarida la Nature ulipima mabaki ya watu 80, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Upande wa mama asili ni ya Kiafrika karibu yote. Upande wa baba wengi ni wa Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza takriban mwaka 1000. Wazee waliotuhadithia habari za Washirazi, wahenga waliotoka Uajemi, hawakuwa wakitunga tu!

Kasoro ya DNA ni makaburi yenyewe. Mengi yalikuwa ya wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima wa kibanda cha udongo hawamo sana. Kwa hao, mimi ningerudi kwenye jembe.