Jagannatha Hora kwa hesabu za dasha: hesabu yake ni safi, mipangilio ndiyo inayopoteza watu

Anayetaka kujua vipindi vya sayari kwa mujibu wa unajimu wa Kihindi, yaani dasha, ana njia mbili: amlipe mnajimu, au apakue Jagannatha Hora na kujifunza kuitumia. Programu hii imeandikwa na P.V.R. Narasimha Rao, ni ya bure na haina matangazo. Chini yake inakokotoa mahali pa sayari kwa Swiss Ephemeris, maktaba ya hesabu za anga ya Astrodienst wa Zurich, inayotegemea data za maabara ya JPL ya NASA. Kwa hiyo Mwezi ukisomwa nyuzi 12 za nyota ya Saratani, huko ndiko uliko. Watu wakipata tarehe mbovu, karibu kila mara sababu ni saa waliyoingiza au mpangilio ambao hawakuugusa.

Kwanza, kile inachokokotoa. Dasha inayotumika zaidi ni Vimshottari, mzunguko wa miaka 120 uliogawiwa kwa watawala tisa: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Rahu na Ketu si sayari za kuonekana. Ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi inakata njia ya Jua. Mpangilio huo haubadiliki. Kinachobadilika ni pa kuanzia, na hapo Mwezi ndio unaoamua. Anga limegawanywa manzili 27, kila moja nyuzi 13 na dakika 20 (dakika hapa ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi, si ya saa). (Wenye kuijua falaki ya pwani wamezoea manzili 28 za Kiarabu, hizi ni hesabu nyingine, msizichanganye.) Kila manzili ina mtawala wake. Mwezi ukiwa Ashwini wakati wa kuzaliwa, maisha yanaanza na Ketu. Ukiwa Rohini, yanaanza na Mwezi wenyewe. Ukiwa Pushya, yanaanza na Zohali. Na kwa kuwa Mwezi huwa umeshakula sehemu ya manzili hiyo, mtoto anapata kilichobaki tu.

Fanya hesabu hii kwa mkono mara moja kabla ya kuiamini kompyuta yoyote. Tuseme Mwezi uko nyuzi 12 kamili za Saratani. Pushya inaanza nyuzi 3 na dakika 20 za Saratani na kuishia nyuzi 16 na dakika 40. Zimebaki nyuzi 4 na dakika 40, yaani dakika 280 kati ya 800 za manzili nzima. Gawanya: 0.35. Zidisha kwa miaka 19 ya Zohali: miaka 6.65, yaani miaka 6, miezi 7 na siku kama 24. Baada ya hapo Utaridi miaka 17, Ketu 7, na Zuhura anaingia mtu akiwa na miaka 30 na miezi kama minane. Jagannatha Hora ikikupa jibu lililo mbali na hilo, kuna kitu umekosea kuingiza.

Na kosa kubwa kuliko yote kwa mtumiaji wa Kiswahili ni saa. Programu inataka saa 24. Mama akisema mtoto alizaliwa saa mbili asubuhi, unaandika 08:00, si 02:00. Linaonekana jambo dogo mno kuandikwa, lakini tazama hasara yake. Mwezi hutembea wastani wa nyuzi 13 na dakika 10 kwa siku, kwa hiyo saa sita za kosa ni kama nyuzi 3 na dakika 18. Katika mfano wetu, Zohali ya miaka 6 na miezi 7 inageuka kuwa miaka 11 na zaidi, na kila kipindi kinachofuata kinasogea mbele karibu miaka mitano. Nyota inayochomoza, lagna, nayo inaruka takriban nyota tatu, kwa hiyo nyumba zote kumi na mbili za chati zinakuwa za mtu mwingine.

Kuna na lile la usiku. Kwa watu wengi, usiku wa Jumatatu ni usiku wa kuamkia Jumatatu, ambao kwenye cheti cha kuzaliwa ni Jumapili mpaka ipite saa sita. Ukikosea siku nzima, Mwezi unakaribia kuruka manzili kamili: badala ya Pushya ya Zohali unajikuta Ashlesha ya Utaridi, na maisha yote yanaanza na sayari isiyo yake. Muulize mzazi swali mahususi: ilikuwa kabla au baada ya saa sita usiku, na kesho yake ilikuwa siku gani?

Kisanduku cha majira kina mtego wake. Programu inakutaka uandike tofauti na Greenwich kisha uchague mashariki au magharibi, “East of GMT” au “West of GMT”. Kwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni 3:00 mashariki. Ukiacha magharibi umekosea saa sita tena, na ukubwa wa kosa ni kama wa saa ya Kiswahili isiyobadilishwa. Kwa waliozaliwa zamani, usijaze 3:00 kwa mazoea. Kabla ya miaka ya 1960 sehemu za Afrika Mashariki zilipitia tofauti ya 2:30 na 2:45, na orodha za majira za kompyuta zenyewe zimewahi kusahihishwa kuhusu tarehe hizo. Tofauti ya robo saa inasogeza dasha inayoanza na Zohali kwa siku 71 au 72. Kwa mzee wa miaka 70, kokotoa mara mbili, 2:45 na 3:00, kisha ufanye kazi na yale yasiyobadilika kati ya majibu hayo mawili.

Latitudo ni jambo jepesi zaidi. Dar es Salaam iko nyuzi 6 na dakika 48 kusini. Ukiiweka kaskazini kwa bahati mbaya, tarehe za dasha hazitikisiki, kwa sababu zinatoka kwenye Mwezi. Lagna ndiyo inayosogea.

Sasa mipangilio. Nenda “Preferences”, kisha “Related to Calculations”, utafute ayanamsa. Hii ni tofauti kati ya zodiaki inayoanzia pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi na zodiaki inayopimwa kwa nyota zenyewe. Lahiri, inayotumiwa na wengi India, ilikuwa kama nyuzi 23 na dakika 51 mwanzoni mwa mwaka 2000. Imeitwa hivyo kwa N.C. Lahiri, katibu wa kamati ya kurekebisha kalenda iliyoundwa na serikali ya India mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Ya Raman ni pungufu kwa kama nyuzi 1 na dakika 27. Mwezi wetu wa nyuzi 12 unakuwa nyuzi 13 na dakika 27, Zohali inabaki miaka 4.58 tu, na Zuhura anaingia zaidi ya miaka miwili mapema. Ya Krishnamurti inapishana na Lahiri kwa kama dakika 6 za nyuzi, ambazo kwa anayeanza na Zuhura ni karibu miezi miwili. Ndiyo maana wanajimu wawili waaminifu wanaweza kumpa mtu mmoja tarehe mbili tofauti. Ukiwa mgeni, chagua Lahiri na usihame. Kuhama ayanamsa mpaka upate tarehe inayokupendeza ni kuharibu kazi yote.

Mpangilio wa pili umejificha zaidi: urefu wa mwaka. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya orodha ya Vimshottari na utaona chaguo zake. Kuna mwaka wa jua wa siku 365 na robo, na kuna mwaka wa siku 360 ambao baadhi ya walimu wanautetea. Kwa mfano wetu, Zuhura wa umri wa miaka 30.65 anaingia siku 161 mapema kwa mwaka wa 360. Ukilinganisha chati yako na karatasi ya mnajimu na mkaona pengo linaloongezeka kadiri umri unavyosonga, mwaka ndio tatizo. Pengo likiwa lilelile kwa vipindi vyote, tafuta kwenye ayanamsa au kwenye saa ya kuzaliwa. Kipimo hiki kimoja kinaokoa mabishano mengi.

Ukibonyeza mara mbili juu ya kipindi kikuu, mahadasha, kinafunguka na kuonyesha vipindi vidogo, antardasha, kisha vidogo zaidi ndani yake. Kanuni ya kuvihakiki ni tamu: zidisha miaka ya watawala wawili, tarakimu ya mwisho mara tatu ni siku, zilizobaki ni miezi. Zohali na Utaridi: 19 mara 17 ni 323, yaani miezi 32 na siku 9. Zuhura na Zohali: 380, miezi 38 kamili. Miezi hiyo ni ya siku 30, kwa hiyo programu kwenye mwaka wa 365 na robo itazidi kidogo, siku 16 au 17 kwenye mfano huo wa mwisho.

Hapa nina lawama. Jagannatha Hora inakuruhusu kushuka mpaka ngazi ya sita, vipindi vya saa na dakika, bila onyo lolote. Kila dakika moja ya kosa kwenye saa ya kuzaliwa inasogeza dasha inayoanza na Zuhura kwa takriban siku tano. Saa ya hospitali iliyoandikwa kwa kukadiria, tuseme na kosa la dakika tano, tayari ni siku 25. Ndani ya Zuhura na Jua, kipindi cha ngazi ya tatu cha Jua ni siku 18 tu. Unasoma kipindi kifupi kuliko kosa lako. Kwa saa ya kuzaliwa ya kawaida, komea ngazi ya pili, na ya tatu uitazame kwa vile virefu peke yake.

Dasha nyingine zimo kwa wingi: Ashtottari ya miaka 108 isiyo na Ketu, Yogini ya miaka 36, Kalachakra, na zile za mapokeo ya Jaimini zinazoongozwa na nyota badala ya sayari. Anayeanza asizifungue mwaka wa kwanza. Wingi huu ni hazina kwa mtafiti, lakini kwa mwingine ni mwaliko wa kuchagua ile inayosema anachotaka kusikia.

Kuhusu maana ya vipindi, programu inakupa tarehe, haikufundishi kusoma. Na kosa linalosambaa sana mitandaoni ni kumhukumu mtawala kwa jina lake: Zohali mkosi, Mshtarii neema. Mapokeo yenyewe hayasemi hivyo. Kwa anayechomoza na Mizani, yaani lagna yake ni Mizani, Zohali anatawala nyumba ya nne na ya tano na anahesabiwa kuwa mfadhili mkubwa. Miaka yake 19 inatarajiwa kuleta nyumba, elimu, cheo. Kwa anayechomoza na Saratani, Zohali huyohuyo ana nyumba ya saba na ya nane, na msomaji ataongelea ndoa na misukosuko. Tazama nyumba anazotawala, nyumba aliyokalia, nguvu zake katika nyota aliyomo, halafu ndipo useme. Wala usichanganye mahadasha ya Zohali na sade sati, ile miaka saba na nusu ambayo Zohali anapita nyota iliyo kabla ya Mwezi wa kuzaliwa, ya Mwezi wenyewe, na inayofuata. Ile ni mwendo wa anga wa sasa, hii ni hesabu ya kipindi. Zinaweza kukutana au zisikutane.

Usahihi wa hesabu si usahihi wa utabiri. Mwanafalaki Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 wa India chati 40 kila mmoja, watenganishe watoto wenye vipaji na wenye ulemavu wa akili. Walipatia asilimia 46, sawa na kurusha shilingi. Jaribio hilo lilihusu chati za kuzaliwa na si dasha, lakini anayeahirisha upasuaji kwa sababu ya antardasha ya Ketu anapaswa kulijua. Programu hii ina thamani kwa anayesoma mapokeo haya na kutaka kuyapima, na kwa anayetaka kuhakiki karatasi aliyouziwa.

Mapungufu mengine: ni ya Windows, kwenye Mac au Linux utahangaika na Wine (programu ya kuendeshea programu za Windows), na wenye simu pekee hawana njia. Sura yake ni ya kizamani, maandishi madogo, istilahi za Kisanskriti bila maelezo, mwongozo mchache. Tenga wiki mbili za kuzoea.

Chati inahifadhiwa kwenye faili la .jhd. Usilitegemee likumbuke mipangilio. Ukichapa karatasi ya dasha, andika juu yake kwa mkono ayanamsa, urefu wa mwaka, majira uliyoyatumia na saa ya kuzaliwa kama ilivyotamkwa na mzazi, kwa saa ya Kiswahili. Bila mambo hayo manne, atakayeishika karatasi hiyo baada yako hawezi kuihakiki.