Omron M2 kwa mgonjwa anayesubiri upasuaji: nzuri, ila hofu huipotosha

Kwa wodi ya upasuaji isiyo na monita kila kitanda, mashine hii ya kupima presha inafaa. Inatumia betri nne za AA, mkanda unafungwa juu ya kiwiko, unabonyeza kitufe, unapata presha ya juu, ya chini na mapigo ya moyo. Isichoweza kukwambia ni kama presha ni ugonjwa au ni woga.

Mtu akishaambiwa zamu yake imefika, adrenalini hupanda: moyo hukimbia, mishipa hubana, pumzi huwa za harakaharaka. Presha ya juu ndiyo huruka zaidi. Vidole navyo hupoa, ndiyo maana kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni husumbua kusoma. Joto likipanda, usisingizie hofu, tafuta maambukizi.

Mashine husoma mtikisiko wa mshipa chini ya mkanda, hivyo mkono unaotetemeka huleta alama ya kosa. Ukiminywa tena na tena, hofu inazidi. Basi mgonjwa akojoe kwanza, akae ameegemea, miguu chini bila kukunja nne, dakika tano kimya. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda. Fomu ya ridhaa isubiri, maana kuongea tu kunapandisha presha. Pima, acha dakika moja au mbili, rudia. Kipimo cha kwanza mara nyingi ndicho kikubwa, na ndicho kwa bahati mbaya huandikwa kwenye faili.

Udhaifu wake mkubwa ni mkanda: baadhi ya matoleo huja na mkanda wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32 tu. Mkono mnene zaidi ya hapo husomeka juu kuliko ukweli, halafu lawama anabebeshwa mgonjwa kwamba ni mwoga. Nunua mkanda mkubwa mapema. Pia shika mapigo kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuiwasha. Yakiwa hayana mpangilio, pima presha kwa mashine ya kupampu kwa mkono na stetoskopu.

Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unasema presha iliyo chini ya 180/110 kliniki kabla ya upasuaji wa kupangwa si sababu ya kuahirisha. Kwa hiyo 158/92 ya asubuhi ilinganishe na kadi ya kliniki kabla ya kumpigia daktari wa usingizi. Mapigo 120 yasiyoshuka baada ya kupumzika ni jambo jingine: angalia maumivu, kutokwa damu, na upungufu wa maji kwa aliyefunga tangu jana.