Kuongea na wanafunzi: usimulie maisha yako au ujibu maswali yao?

Ukialikwa kuwatia moyo vijana wa sekondari, njia kuu ni mbili: kusimulia ulikotoka, au kuwagawia vikaratasi waandike maswali bila majina, kisha ujibu.

Kwa maandalizi, simulizi ndiyo inayokula muda, maana hata ya dakika 20 lazima uifanyie mazoezi kwa sauti. Vikaratasi vinahitaji kalamu na boksi tu. Ila kwa uhakika simulizi inashinda: unajua utaanzia wapi na kuishia wapi. Maswali yanaweza kukuyumbisha. Unafungua kimoja, unakuta “Wewe unalipwa shilingi ngapi?” na ukumbi mzima unaangua kicheko. (Jibu waziwazi au kataa waziwazi, ukizungukazunguka umewapoteza.)

Kinachobaki baadaye? Hapo nayapa maswali ushindi, kwani kijana hutega sikio zaidi kwa jambo aliloliuliza mwenyewe. Simulizi isiyo na mahali ulipofeli hugeuka majigambo, nao huyanusa haraka.

Darasa moja la watu 30, chukua vikaratasi. Shule nzima imesimama juani, simulia, tena kwa ufupi. Kama hujazoea kujibu papo kwa papo, omba mwalimu ayachambue maswali kwanza.