Kigari cha mbao kutoka Keko, baada ya miezi minne ya kukitumia

Naandika kwa wazazi ambao mtoto wao amefika miezi saba au minane na wameanza kuulizia bei za vitu vya kumfundishia kutembea. Nimetumia viwili. Kimoja nimekitoa nyumbani, cha pili kiko hapa mlangoni kimejaa vipande vya vitenge. Naanza na kile nilichokitoa, maana ndicho kilichonifanya nikitafute hiki.

Nashona nguo nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Binti yangu Salma alizaliwa Novemba, msimu wa sare za shule, vitambaa vya watu vimejaa hadi kitandani. Alipofika miezi saba alikuwa anakaa vizuri bila mto, lakini hataki kuachwa. Nikikanyaga cherehani tu, kilio. Nikanunua woka, kile kiti cha plastiki chenye magurudumu ambacho mtoto anatumbukizwa katikati, miguu inaning'inia, na mbele yake kuna kimeza chenye vitufe vya muziki. Nilitoa shilingi 85,000. Muuzaji alinihakikishia kwamba mtoto atawahi kutembea. Siku ile nilimaliza mashati manne kabla ya adhuhuri. Ukiwa peke yako na mtoto, na kazi ya watu inakusubiri, mikono miwili ikiwa huru ni raha kubwa. Mzazi aliyenunua woka simlaumu hata kidogo.

Wiki ya tatu bobini ya cherehani ilinianguka ikabingirika hadi chini ya meza. Nikapiga magoti kuiokota, uso wangu ukawa usawa na miguu ya mwanangu. Visigino havikugusa sakafu kabisa. Alikuwa anajisukuma kwa ncha za vidole, vidole vimekunjamana, magoti yamekaza, uzito wote umebebwa na kile kitambaa kinachopita katikati ya mapaja. Kimeza kile cha muziki kilimziba asiione miguu yake mwenyewe. Nilikaa pale chini nikimtazama anavyopita. Akiinama upande, kiti kinamshika. Akilegea, kiti kinamshika. Hakukuwa na kitu chochote ambacho mgongo wake au kiuno chake kililazimika kufanya.

Nilimuona, lakini sikumtoa. Kazi zilikuwa nyingi.

Alipokaribia miezi tisa, kijana wa maji alitoka na madumu yake akaacha mlango wa barazani haukufungwa vizuri. Kutoka alipokuwa Salma hadi mlangoni ni hatua zangu nne. Niliinuka palepale na sikumuwahi. Aliteremka ngazi mbili za baraza yeye na kiti chake, uso mbele. Mdomo wa chini ulipasuka, damu ikalowa hadi kwenye kanga niliyomfutia. Kwenye zahanati walimshona nyuzi mbili. Nesi aliyemshona, mtu mzima, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, alikuwa kwenye kile kiti cha magurudumu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ukifika nyumbani kitoe. Mtandikie mkeka."

Baadaye nilisoma mengi juu ya jambo hili, na ningependa kila mama ayajue kabla hajafungua pochi. Kanada ilipiga marufuku woka mwezi Aprili 2004, hata kuuza iliyotumika hairuhusiwi. Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2014, watoto zaidi ya 230,000 wenye umri chini ya miezi 15 walifikishwa hospitali kwa dharura kwa sababu ya viti hivi, wengi wao kwa kuanguka ngazini na wengi wameumia kichwa. Mtoto ndani ya woka anaweza kwenda karibu mita moja kwa sekunde moja. Nilipolisoma hilo nilizikumbuka zile hatua zangu nne. Na mtoto mchanga kichwa ni kizito kulinganisha na mwili, kwa hiyo akienda chini kichwa ndicho kinachotangulia. Tena woka inampandisha juu: kikombe cha chai ambacho akiwa sakafuni hakifikii, akiwa ndani yake anakifikia, na jiko la mkaa analifikia upesi.

Woka siipi nyota hata moja. Nilivunja magurudumu kabla ya kuitupa, mtu mwingine asije akaiokota.

Tukarudi kwenye mkeka. Ukili wa Pangani, mama mkwe ndiye aliyeuleta. Nesi alinieleza kwamba nguvu ya mtoto inaanza shingoni, inashuka mgongoni, inafika kiunoni, ndipo inaenda miguuni, na kila mahali panapata nguvu kwa kutumika. Mtoto mdogo asiyeweza bado kwenda mwenyewe alazwe kifudifudi akiwa macho, angalau jumla ya nusu saa kwa siku, kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliyaandika hayo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, na humohumo limesema mtoto asibanwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kiti au mgongoni kwa mama. Hilo la mgongoni lilinigusa. Mimi kubeba mtoto kwa kanga nimekulia, na ninaendelea, ila sasa nikimaliza kupika namshusha, namwacha ajinyooshe.

Wiki mbili za mkeka zilikuwa ngumu. Alizoea kwenda kokote bila kufanya kazi, sasa akitaka kifuniko cha sufuria kilicho mbele yake lazima akifuate. Alilia kwa hasira. Nilivuta mkeka karibu na cherehani, nikamwekea vijiti vya uzi vilivyokwisha na bakuli la bati. Siku ya kumi na moja alijiegemeza kwa mikono, akavuta goti moja, akasita, akavuta la pili. Alipofika miezi kumi alikuwa anatambaa nyumba nzima, na tatizo langu likawa kuokota sindano.

Hapo mtaani maneno yakaanza. Mtoto wa nyumba ya tatu alitembea na miezi tisa, na kila aliyepita barazani aliniuliza wangu ana nini. Mama mkwe anapiga simu kila Ijumaa, "Mwanangu, ameshasimama dede?" Kilichonituliza ni takwimu za utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006. Walifuatilia watoto wenye afya zaidi ya 800 Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Watoto hao walianza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama wenyewe, kati ya miezi 6.9 na 16.9. Kutembea wenyewe, kati ya 8.2 na 17.6. Tazama upana huo: mtoto wa miezi minane na mtoto wa miezi kumi na saba, wote wazima. Na karibu wanne katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe, walisota au waliinuka moja kwa moja. Nilimsomea mama mkwe kwa simu. Shangazi yake anaishi Maskati, Oman, na kusikia kwamba watoto wa huko nao walipimwa kulimridhisha kuliko maneno yangu yote. Mtoto akipita miezi kumi na minane hajatembea, au akipoteza alichokwisha kukiweza, au upande mmoja wa mwili una nguvu kuliko mwingine, hapo ni kwenda kliniki, tena mapema. Nje ya hayo, majirani wasikutie presha.

Uzito nao niutaje kidogo. Alizaliwa na kilo 3.1, miezi mitano 6.3, mwaka mmoja 9.0. Tangu alipoanza kutambaa mstari kwenye kadi ulilala kidogo nikaogopa. Nesi akasema mtoto haongezeki mwaka mzima kwa kasi ya miezi ya mwanzo, la kuangalia ni kwamba anafuata njia yake na haishuki.

Sasa kigari.

Salma alipofika miezi kumi na moja alikuwa anajivuta kwenye kiti na kusimama, kisha anakisukuma kile kiti sakafuni, sauti yake inachoma masikio. Nikajua anataka kitu cha kusukuma. Nikaenda Keko, kwenye mabanda ya mafundi samani, nikamkuta fundi anayetengeneza vitanda vya watoto. Nilimchorea kwenye karatasi ya chati yangu: sanduku dogo lisilo na mfuniko, magurudumu manne, na mpini wa kusimama nyuma. Alitaka kunitengenezea kizuri zaidi, chenye rangi nyekundu ya kung'aa. Nilikataa rangi. Mtoto wa umri huu anatafuna kila kitu, na rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wake. Nikaomba mbao ipigwe msasa tu, wa kwanza mkali na wa mwisho laini.

Tulikubaliana shilingi 35,000, mabaki ya mninga. Aliniahidi Alhamisi, nikakipata Jumatatu. Hilo ni kosa lake la kwanza. La pili ni skrubu moja iliyochomoza ndani ya sanduku, niliigundua kwa kupitisha kiganja kila pembe, na nawasihi mfanye hivyo kabla mtoto hajakigusa. Alipoiona hakubisha, aliitoa akaweka fupi zaidi na akanipigia msasa upya bila kudai chochote.

Mpini uko sentimita 45 kutoka chini. Hapo ndipo kifua cha Salma kilipokuwa. Mpini ukiwa juu sana mtoto ananing'inia, ukiwa chini sana anainama na kuangukia mbele. Magurudumu ni ya mbao, na ndiyo yaliyonisumbua mwanzo, kwa sababu kwenye vigae kigari kilimkimbia. Alikishika, kikaenda, mikono ikaenda nacho, miguu ikabaki, akalala kifudifudi. Nikampigia fundi. Akasema nitie mzigo ndani na nizungushie mpira kwenye magurudumu. Nilikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vipande vinne nikavivalisha, na ndani nikaweka pakiti mbili za sembe za kilo mbili mbili. Kikatulia. Sasa kilikwenda kadiri anavyokisukuma, na akisimama nacho kinasimama.

Hapo ndipo nilipoona tofauti na woka. Nilipiga magoti tena kama siku ya bobini. Mguu mzima ulikuwa chini, kisigino na vidole, pekupeku. Vidole vilikuwa vinajipanua na kushika sakafu. Kabla ya kila hatua kulikuwa na kituo kidogo: uzito unahamia mguu wa kushoto, nyonga inayumba, kisha mguu wa kulia unanyanyuka, unatua mbali na ulipokuwa. Miguu imepanuka, tumbo mbele, kama wanavyosimama wote umri huo. Akichoka anaachia mpini na kukaa kitako, puu, kisha anajipandisha tena kwa kushika ubao. Nilihesabu asubuhi moja nikiwa napindisha sketi: alikaa na kuinuka mara ishirini na tatu. Kila kuinuka ni kazi ya mapaja na kiuno, na hakuna aliyemuinua.

Kina mapungufu. Hakikati kona, akifika ukutani analia mpaka ukigeuze, ingawa baada ya mwezi alijifunza kukivuta kinyumenyume. Kwenye mchanga wa uani hakiendi. Kina kelele, na nina mpangaji mwenzangu anayefanya kazi usiku, kwa hiyo asubuhi tunasubiri hadi saa nne. Wala hakikupi mikono huru kama woka. Lazima uwe unamtazama, mlango uwe umefungwa na jiko liwe mbali. Nimepunguza kazi ninazopokea, hilo lina gharama yake na ninalisema ili mtu asidhani kigari kitamlea mtoto.

Mwishoni mwa Desemba, miezi kumi na tatu na siku kadhaa, sare zimejaa tena nyumbani, Salma alisukuma kigari hadi usawa wa cherehani. Nilikuwa nimeshika kipande cha utepe wa njano. Akaachia mkono mmoja ili akipokee. Kilikuwa mbali kidogo. Akaachia na wa pili. Alisimama dede, mikono juu, midomo imebana, nami sikusogea wala sikusema. Akaja tata, hatua tatu, akaushika utepe na goti langu kwa pamoja.

Fundi wa Keko nampa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ile skrubu. Ukienda kwa fundi yeyote mpe kipimo cha kifua cha mtoto wako, kataa rangi, na mwambie mpira wa magurudumu aufunge yeye mwenyewe kwa gundi, maana wangu unachomoka kila baada ya siku chache.

Jirani amekiomba kwa ajili ya mjukuu wake wa miezi minane. Nimemwambia bibi, kitakuwa chako, ila mwache kwanza atambae. Siku atakayojivuta kwenye kiti na kusimama mwenyewe, uje ukichukue. Kwa sasa nimemuazima mkeka.